Miwani Ndani ya Kofia ya Kuchomelea

Kipande cha bomba kilipinda nusu tu, kikafunguka mdomo. Hakikuvunjika kwa kishindo. Kilitoa mlio mdogo, kama mtu anayefyonza meno, na pale kwenye mshono wa kuchomelea pakatokea ufa mweusi wa urefu wa kidole. Mkaguzi aliizima mashine ya kupindia, akakitoa kile kipande na kukisogeza karibu na dirisha.

"Chuma hakijashikana chini, fundi," alisema. "Umejenga juu, chini kuko wazi. Njoo ujionee."

Fundi Uzi alisogea. Aliinamisha kichwa, akakitikisa kama mtu aliyeona. Ukweli ni kwamba aliona kitu cha kijivu chenye kivuli katikati, basi.

"Hii ni mara ya pili unaanguka mtihani wa mwaka huu," mkaguzi aliendelea, wala hakuwa na ukali. "Ijumaa asubuhi ndiyo ya tatu. Ya nne haipo. Ukianguka Ijumaa, jina lako linatoka kwenye orodha ya wachomeleaji wa mabomba ya mvuke. Hapo mimi sina la kufanya."

Ilikuwa Jumatatu.

Jina la Uzi hakupewa na mama yake. Alilipata karakanani, mwaka wa tatu wa kazi, pale fundi mkuu wa enzi hizo alipopitisha kidole kwenye mshono wake, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Huyu anachomelea au anashona?" Tangu siku hiyo akawa Uzi. Miaka ishirini na sita ikapita. Wateja wakubwa wakija kutembelea karakana, walipelekwa kwanza kwenye kazi ya Uzi, kama vile mwenye nyumba anavyomkaribisha mgeni sebuleni kabla hajaona jikoni.

Sasa ana miaka hamsini na mmoja, na macho yamemgeuka. Hayakumgeuka kwa siku moja. Kwanza alilaumu vijiti vya kuchomelea, akasema siku hizi vinaletwa vibovu. Akalaumu mashine, akalaumu umeme. Alipokosa cha kulaumu, aliomba ruhusa ya nusu siku akaenda kliniki ya macho iliyo upande wa pili wa mji, asikojulikana. Daktari alimpa miwani ya sehemu mbili: juu ya kutazamia mbali, chini ya kusomea. Akaichukua, akaifunga ndani ya soksi, akaitumbukiza chini kabisa ya mkoba wa zana.

Hakuivaa kazini hata siku moja. Sababu ya kwanza, kofia yake ya zamani ya kuchomelea ilikuwa imembana usoni, haikuwa na nafasi ya pua, sembuse miwani. Sababu ya pili alikuwa hasemi. Mwaka uliotangulia, fundi mmoja wa rika lake alianza kulalamika macho. Hawakumfukuza, walimpa filimbi na kiti, akawa mfungua lango. Kila asubuhi Uzi akiingia alimsalimia, na kila asubuhi yule mwenzake aliitikia bila kumtazama usoni.

Sababu ya tatu ilikuwa ya kifamilia. Msimamizi wa karakana alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Uzi ndiye aliyemwingiza pale akiwa kijana, akamfundisha kushika kijiti, akamwona akipanda ngazi hadi akawa mkubwa wake. Shemeji akijua, mke naye atajua. Na mke akijua, Uzi alihisi, basi mambo yatakuwa ya kweli.

Jumatatu hiyohiyo alasiri alipitia sokoni. Palikuwa na meza ya vifaa vya ufundi: glovu, misumeno, na kofia za kuchomelea za aina mpya, zile zinazojitia giza zenyewe. Alikuwa amezisikia zikisifiwa. Kioo chake hukaa cheupe, unaona kazi yako vizuri, na mwako ukiwaka tu kinageuka cheusi kabla hujapepesa. Muuzaji alimchagulia moja yenye picha ya simba upande. Uzi aliijaribu kwa haraka haraka, miwani ikiwa bado ndani ya soksi, kwa kuona aibu kuitoa mbele za watu. Akainunua kwa sababu ya kioo na kwa sababu ya siku nne zilizobaki.

Jumanne aliingia karakanani kabla ya wenzake, akajifungia chumba cha nyuma na vipande vya bomba. Akavaa miwani. Akavaa kofia. Miwani ikagonga kioo kwa ndani, ikasukumwa hadi ikamkalia juu ya nyusi. Akaivuta kofia mbele kidogo ili ipate nafasi. Kidevuni pakabaki uwazi wa kupitisha ngumi. Pumzi yake ikapanda, miwani ikajaa ukungu. Akaifuta. Akaanza tena. Mkanda wa kichwani ulikuwa unaibana mikono ya miwani nyuma ya masikio mpaka kichwa kikawa kinamgonga. Alipojipinda kuchomelea upande wa chini wa bomba, bomba lenyewe likaziba vijidude vinavyohisi mwanga, na kioo, badala ya kubaki cheusi, kikawa kinapepesa: cheusi, cheupe, cheusi, cheupe. Kila kikiwa cheupe, mwako ulimpiga machoni kama kofi.

Angeacha. Mtu mwenye nafasi angeacha. Yeye aliendelea kwa saa mbili.

Maumivu hayakuja palepale. Yalimpata jioni akiwa mezani anakula. Kwanza kama vumbi, kisha kama mchanga, kisha kama mtu amempaka pilipili ndani ya kope. Akasukuma sahani. Machozi yalimtiririka bila kulia, na kila akijaribu kufumbua, mwanga wa taa ulimchoma.

"Mama watoto," alisema, "zima taa."

Mkewe alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini siku hiyo hakuuliza. Alizima taa, akaleta kitambaa cha maji ya baridi, akamlaza kwenye kochi. Asubuhi ya Jumatano Uzi alikuwa bado hawezi kufumbua. Mke alimpeleka kwenye zahanati iliyo karibu, akimshika mkono kama mtoto. Muuguzi alimtia dawa ya matone na kusema ni mwako uliomchoma, macho yatapoa kwa siku moja au mbili, na akaonya kwamba akirudia huenda yasipoe.

Waliporudi, mke alikwenda kutafuta glovu kwenye mkoba wa zana ili azifue, na mkono wake ukatoka na soksi. Akaikung'uta. Miwani ikaanguka mapajani mwake.

"Hii ni ya nani?"

Uzi alikuwa amelala na kitambaa machoni. Akakibana zaidi.

"Nimekuuliza, baba. Maana kama ni ya mwanamke mwingine, basi huyo mwanamke ana kichwa kikubwa sana."

Hapo akacheka, na kicheko kikamgeukia kilio, na mara hii alikuwa analia kweli. Akamwambia yote. Kliniki, daktari, soksi, majaribio mawili aliyoanguka, Ijumaa. Alimwambia kwamba usiku anakaa akihesabu kazi anazozijua duniani na hapati hata moja zaidi ya hiyo.

Mke aliigeuza miwani mkononi. Kisha akauliza, "Unaniona mimi ukinitazama?"

"Nakuona."

"Muongo. Wiki iliyopita nimesuka nywele mpya, umesema umependa gauni." Akaiweka miwani juu ya meza, taratibu. "Miezi mingapi unachomelea hivyo?"

"Sijui. Mwaka. Mwaka na zaidi."

"Na huwa unaona nini?"

"Naona mwanga. Nasikia mlio. Mlio ukiwa mzuri, najua mshono mzuri."

"Haya," alisema. "Kesho tunakwenda kutafuta kofia ya mtu mwenye miwani. Na utaijaribu ukiwa umevaa miwani, mbele ya watu, hata wakicheka."

Alhamisi macho yalikuwa mekundu lakini yamefumbuka. Walikwenda kwenye duka moja la vifaa vya usalama kazini, nyuma ya ghala za saruji. Mwenye duka alikuwa mama mnene, mkono wa kushoto una makovu madogo madogo ya cheche kuanzia kiwiko hadi kidole. Uzi alipoyaona akajua mara moja: huyu naye alikuwa fundi.

"Miaka kumi na minne nimechomelea matangi," alisema mama mwenye duka, alipoona anatazamwa. "Mgongo ndio ulioniondoa. Haya, kaka, lete hiyo ya simba niione."

Akaigeuza, akaipekua ndani kwa kidole gumba. "Hii imekupiga, sivyo? Vihisio viwili tu, vyote viko juu. Ukiingia chini ya bomba vinafunikwa. Na kioo hiki hata sijui kama kinazuia miale. Dada," akamgeukia mke, "hii wawekee kuku maji."

"Nipe iliyo nzuri," Uzi alisema. "Ninayo leo tu."

"Kofia nzuri zipo nyingi. Unayotaka wewe ni inayokubali pua yako na miwani yako. Vaa miwani."

Aliivaa. Palikuwa na wateja wawili, hakuna aliyecheka.

Mama mwenye duka alimshushia kofia ya kwanza. Ilikuwa nyepesi na ya kupendeza, lakini Uzi alipoinamisha kichwa, kioo kikagusa miwani: tik. Akaivua. "Ukisikia huo mlio, weka chini, usijidanganye itazoea," alisema mama. Ya pili ilikuwa na kina cha kutosha mbele ila mkanda wake ulipita palepale kwenye mikono ya miwani. Ya tatu ilikuwa na dirisha dogo. Aliona kama anayechungulia tundu la mlango. Mkewe, aliyekuwa amekaa kwenye kindoo kilichogeuzwa, akawa anahesabu kwa vidole. Ya nne. Ya tano. Kila kofia ikiondolewa, Uzi alihisi siku inapungua kipande. Jasho lilianza kumtoka ingawa dukani palikuwa na feni.

Ya sita ilikuwa nyeusi tupu, haina picha. Dirisha lake lilikuwa pana na limeshuka chini, vihisio vinne, viwili juu na viwili chini, na ndani mkanda ulikuwa na vifungo vya kuusogeza mbele na nyuma. Mama alisogeza kofia mbele vidato viwili, akapandisha mkanda juu ya masikio ili usiguse miwani.

"Pumua kwa nguvu."

Akapumua. Ukungu ukaja kidogo, ukapotea. Chini ya kidevu kofia ilikuwa na njia ya hewa, na bado ilimfunika shingo.

"Inamisha. Tazama juu. Geuka. Inagusa?"

"Haigusi."

"Sasa soma hii." Akamwekea kijikaratasi chenye maandishi umbali wa mkono uliokunjwa, usawa wa uso.

Uzi alitazama. Herufi zilikuwa zimefura kama zilizolowa maji. Akainua kidevu ili atazame kwa sehemu ya chini ya miwani, zikasomeka. Akakishusha, zikafura tena.

Mama mwenye duka akashusha pumzi. "Hapo ndipo penye kazi. Kofia umepata, lakini miwani hii ni ya mtu wa ofisini. Sehemu ya karibu iko chini. Wewe bomba lako liko usoni, mara nyingine juu ya kichwa. Utachomelea huku umeinua kidevu kama unayekunywa mvua? Unataka miwani ya umbali mmoja tu, umbali wa mkono wako na kijiti. Kioo kizima. Fremu ya plastiki, mikono myembamba."

"Miwani hutengenezwa kwa wiki nzima," Uzi alisema. "Mtihani ni kesho."

Alikaa kwenye sakafu ya duka. Kofia ilikuwa bado kichwani, na ndani yake, ambako hakuna aliyemwona, alifumba macho akafikiri kuhusu filimbi na kiti. Alifikiri angekwenda usiku huohuo kuomba kazi yoyote mahali pasipojulikana jina la Uzi.

Mkewe ndiye aliyeinuka. "Dada, fundi miwani wa karibu yuko wapi?"

Alikuwa mtaa wa tatu, kwenye chumba chembamba chenye kioo mbele. Mke aliingia kwanza, akaongea kwa namna ambayo Uzi hakuwahi kumsikia akiongea, si kwa kubembeleza wala kwa ukali, kama mtu anayepanga mazishi: hiki kinatakiwa, leo, na sisi hatuondoki. Fundi miwani alipima umbali kutoka jicho hadi ncha ya kijiti kwa rula, Uzi akiwa ameshika kalamu badala ya kijiti. Akafungua droo za vioo vilivyokwisha kukatwa. Cha jicho la kulia akakipata. Cha kushoto hakukipata, ila kilichokaribia.

"Kitakaribia tu," alisema.

"Ni sawa," Uzi alijibu. "Karibu inatosha."

Walikaa kwenye benchi mpaka saa kumi na moja jioni. Miwani ilipotoka, Uzi aliivaa, akanyoosha mkono na kuutazama. Aliona vinyweleo vya kidole. Aliona kovu dogo la cheche alilokuwa amelisahau.

Ijumaa asubuhi bomba la mtihani lilikuwa limefungwa kwenye stendi, halizungushwi. Fundi ndiye anayezunguka: anaanza chini, anapanda upande mmoja, anarudi chini, anapanda wa pili. Mkaguzi alisimama na saa yake. Shemeji, msimamizi, alisimama mlangoni akiuma kucha. Alipoiona miwani aliushusha mkono.

Uzi alipiga magoti. Kofia haikugusa. Kioo kilikuwa cheupe. Aliuona mwanya kati ya mabomba mawili, aliziona kingo zake zote mbili, safi, zimesuguliwa. Akagusa kijiti. Mwako ukawaka, kioo kikaingia giza, na ndani ya giza lile aliona.

Aliliona dimbwi la chuma kilichoyeyuka, jekundu lenye ukingo mweupe, na mbele yake aliona kitundu. Kila mchomeleaji wa mabomba hufundishwa kitundu hicho siku za mwanzo kabisa: tundu dogo la ukubwa wa punje, linalotangulia mbele ya dimbwi. Likiwepo, ujue moto umepenya na kingo zote mbili zimeyeyuka hadi ndani. Lisipokuwepo, unapaka rangi tu.

Alilifuata kama mtu anayefuata mtoto wake kwenye umati. Moyo ulimpasuka kwa furaha. Alipanda robo ya kwanza, akabadilisha kijiti, akapanda robo ya pili, na ndipo, mkono wake ukiendelea kwenda vizuri, akili yake ikauliza: mara ya mwisho kukiona hiki kitundu ni lini?

Akatafuta. Si mwezi huu. Si mwezi ule. Akapita kazi moja baada ya nyingine akirudi nyuma, na kila alipofika alikuta mwanga na mlio, mwanga na mlio. Miezi mitatu nyuma alikutana na kiwanda cha kufulia mashuka, kazi yake pekee ya mvuke tangu macho yaanze kumgeuka: bomba jipya kutoka kwenye boila hadi kwenye meza za pasi. Mishono kumi na mmoja, yote yake. Alikumbuka ngazi. Alikumbuka mwanamke mmoja wa pasi aliyempandishia chupa ya maji ya kunywa, akimwambia, "Teremka upumzike, utaangukia mashuka yangu meupe."

Furaha ile ikaganda. Alimaliza mtihani kwa sababu mkono ulikuwa umekwisha kuijua njia.

Vipande vinne vilikatwa, vikawekwa kwenye mashine, vikapinda vyote hadi vikawa kama kiatu cha farasi. Hakuna hata ufa wa unywele. Mkaguzi alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki nzima. Shemeji alikuja mbio, akamkumbatia kwa nguvu hadi miwani ikaenda upande.

"Shemeji umeniua kwa presha!" alisema akicheka. "Kumbe ni miwani tu! Si ungesema?"

"Kile kipande cha Jumatatu kiko wapi?" Uzi aliuliza.

Kilikuwa bado kwenye pipa la vyuma chakavu. Akakiokota, akakigeuza upande wa ndani. Sasa alikiona. Kingo za mabomba zilikuwa hapo, kali, nzima nzima, kama hazijawahi kuguswa na moto. Chuma chake chote kilikuwa juu, kizuri, kimenyooka kama uzi.

"Kule kwenye kiwanda cha kufulia," alisema polepole. "Nimechomelea hivi hivi."

Shemeji alimvuta pembeni, nyuma ya mitungi ya gesi. "Usituharibie siku. Bomba lile lilijazwa maji, likapandishwa shinikizo, likakaa saa nzima. Halikutoa hata tone."

"Na hiki cha Jumatatu kingekaa saa nzima. Ila mvuke si maji. Kila asubuhi bomba linapata moto linatanuka, kila jioni linapoa linajikunja. Miezi mitatu sasa. Na chini yake wamesimama watu."

"Wewe umejuaje? Huwezi kujua."

"Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya kofia."

Shemeji alitazama huku na huku. Uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa ule wa kijana aliyekuja kuomba kazi miaka ile. "Sahihi ya ukaguzi wa karakana ni yangu," alinong'ona. "Nilitakiwa nipande ngazi nitazame kila mshono. Sikupanda. Nilitia sahihi nikiwa chini, kwa sababu ilikuwa kazi yako. Unaelewa? Kwa sababu ni wewe."

Hilo lilimchoma Uzi kuliko mwako wa Jumanne. Alisimama akiwa na kipande mkononi. Angeweza kusema kesho. Angeweza kusema tutakwenda sisi wawili kimyakimya Jumapili. Alitamani sana kusema hivyo. Maneno yalimfika mpaka kwenye ulimi. Lakini ilikuwa bado asubuhi ya Ijumaa, na wakati huo huo wale wanawake walikuwa wamewasha pasi.

"Nisamehe, shemeji," alisema, akatoka kwenda alikokuwa mkaguzi ananawa mikono.

Mkaguzi alimsikiliza hadi mwisho, maji yakiendelea kutoka bombani. Kisha akayafunga, akajifuta mikono kwenye suruali, akatoa simu. Nusu saa baadaye boila ya kiwanda cha kufulia ilikuwa imezimwa.

Waliipiga mishono yote kumi na mmoja picha za miale, kama zile za mifupa hospitalini. Saba ilikuwa na makosa ya kuvumilika. Minne ilikuwa imeshikana juu juu tu. Mmoja wa hiyo minne, uliopita moja kwa moja juu ya meza za pasi, mkaguzi aliukata nusu kwa grenda, akaugonga kwa nyundo mara mbili, ukaachia. Kipande kilichoachia alikiweka mkononi mwa Uzi.

Mambo yaliyofuata hayakuwa mazuri. Shemeji alivuliwa usimamizi, akapelekwa stoo kuhesabu bolti. Meneja alitaka Uzi aondoke siku hiyohiyo. Mkaguzi ndiye aliyesema kwamba mshono wa Ijumaa ulikuwa bora kuliko yote aliyoipima mwaka ule, kwamba bomba lazima litengenezwe na mtu, na kwamba mtu huyo anamjua. Wakakubaliana: Uzi arudie mishono yote, kila mmoja upigwe picha, akimaliza, akae miezi sita kwenye kukata na kusugua vyuma, asiguse bomba la mvuke.

Nyumbani mke alipokea habari akiwa anakunja nguo. Alikunja shati moja mara tatu.

"Ndugu yangu hapokei simu yangu," alisema hatimaye. "Na wewe umefanya sawa. Yote mawili yananiuma, usiniambie nichague."

"Sikuambii."

"Basi njoo ule."

Kazi ya kurudia ilichukua siku nne. Wanawake wa pasi walikaa nje siku zote hizo, kwenye vivuli vya ukuta, bila kazi. Yule aliyewahi kumpandishia maji alikuwa miongoni mwao. Siku ya pili Uzi alipopita na zana alimsimamisha.

"Ndiyo wewe uliyetufungia kazi?"

"Ndiyo mimi."

"Ndiyo wewe uliyetuwekea lile bomba?"

"Ndiyo mimi, dada."

Uzi alisubiri atukanwe, au ashukuriwe, na hakujua lipi lingekuwa gumu zaidi. Yule mwanamke hakufanya hata moja. Aligeuza uso akaendelea kuzungumza na wenzake.

Siku ya nne, saa tano asubuhi, picha ya mwisho ilitoka safi. Boila ikawashwa. Mnyapara wa kiwanda alifungua mlango wa chumba cha pasi, akawaita wanawake waingie. Hakuna aliyeinuka. Walitazama bomba kupitia mlangoni, wakatazamana. Mnyapara akawaita tena, sauti ikiwa juu. Wakabaki palepale.

Uzi alikuwa anafunga mkoba wake. Aliuacha chini. Aliingia chumba cha pasi peke yake, akapita katikati ya meza hadi chini ya mshono mpya uliochukua nafasi ya ule ulioachia kwa nyundo, akasimama hapo. Hakuna aliyemwambia. Mvuke uliingia bombani kwa mlio wa kunguruma, vyuma vikaanza kulia tik, tik, kwa kutanuka. Aliinua uso akautazama mshono. Wote kule nje walikuwa wanamwona.

Dakika kumi. Ishirini. Sindano ya geji ya shinikizo ilipanda ikasimama. Jasho lilimlowesha shati mgongoni, na bado alisimama.

Ilipokaribia nusu saa alisikia ndara zikiburuzwa sakafuni. Mwanamke mmoja, mfupi, ambaye hakuwahi kuzungumza naye, alikuwa ameingia. Alimpita bila kumsalimia, akafika kwenye meza ya mwisho, ile iliyo mbali kabisa na bomba. Akatandika shuka, akalinyoosha pembe, akachukua pasi.